Vijiti Viwili vya Mbambakofi

Msinionyeshe vanishi kwanza. Kila kijana anayekuja kwangu na gitaa alilolichonga mwenyewe huligeuzageuza juani ili niuone uso wangu ndani yake. Uso wangu naujua, nimekaa nao miaka mingi. Mimi hutazama nyuma ya shingo, pale kichwa kinapoanza kulala, nikapitisha ukucha polepole. Ukucha ukikwama mahali, naliweka gitaa chini, na hapo ndipo mazungumzo yetu huanza.

Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo mtanisamehe maneno yakipinda hapa na pale. Mbao zangu mtazikuta zimenyooka, isipokuwa moja. Hiyo moja ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Karakana yetu ilikuwa Chaani, hatua chache kutoka reli: nguzo sita na paa la bati lenye kutu. Mvua ikinyesha hamsikilizani, mnaonyeshana kwa vidole. Mwenyewe alikuwa Fundi Mwaruwa, Mrabai, mtu mfupi mwenye mikono mirefu. Useremala alifunzwa misheni, na mambo ya gundi alifunzwa na Mhindi mmoja kule kisiwani aliyekuwa akitengeneza vinanda. Tulifanya viti, milango, masanduku ya nguo, na majeneza. Majeneza kuliko vyote.

"Charo," aliniambia juma langu la kwanza, "hii ndiyo kazi pekee ambayo mwenyewe harudi kulalamika."

Nilicheka nusura nijikate kidole. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kicheko kilikuwa karibu na mdomo wakati wote. Ndoto nazo zilikuwa nyingi. Baadaye, vita vilipokwisha, askari walirudi na nyimbo ngeni, na kila kijana kutoka Magongo hadi Likoni alitaka gitaa. Sisi tuliyaunda kwa mbao nyembamba za masanduku ya chai. Ukiinamisha pua kwenye tundu bado unasikia harufu ya majani. Ndani ya kila gitaa niliandika jina langu kwa penseli. Nilikuwa nikijiona nimekaa harusini Kisauni, watu wanacheza, nami najua kitu ambacho hawakijui: kwamba ndani ya ile sauti mna jina la Charo.

Gundi ya siku zile haikuja ndani ya chupa kama yenu. Ilikuwa ya ngozi, vipande vigumu kama kucha za mzee. Unaviroweka maji usiku kucha, asubuhi vimekuwa kama uji uliolala, halafu unapasha moto, sufuria ndani ya sufuria, maji yakiwa kwenye ile ya nje. Isichemke. Ikichemka imekufa. Mara ya kwanza niliiweka moja kwa moja kwenye jiko, nikaenda kutazama treni likipita. Niliporudi, moshi ulikuwa mweusi na mbwa watatu wamekaa mbele ya karakana wakisubiri chakula. Fundi Mwaruwa aliwatazama mbwa, akanitazama mimi. "Wakaribishe wenzako," akasema, akaendelea kupiga randa.

Jirani yetu Mzee Athumani, mshona kanzu, alileta kiti chake kilichoachia mguu. Akasimama juu ya ile sufuria akiwa ameziba pua kwa ncha ya kilemba.

"Mwaruwa, hii ngozi ni ya mnyama gani?"

"Ya ng'ombe, mzee wangu."

"Ng'ombe kweli?"

"Ng'ombe, wallahi."

"We Mkristo waniapia wallahi?"

"Nikikuapia kwa Biblia utaniamini?"

Mzee Athumani alicheka mpaka akakikalia kile kiti kibovu, kikamwangusha, tukamnyanyua. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Nayataja haya ili mjue kwamba karakana ile ilikuwa na kicheko kabla haijanyamaza.

Sasa nisikilizeni habari ya shingo. Kichwa cha gitaa lazima kilale nyuma kidogo, ili nyuzi zikae vizuri. Ukikichonga pamoja na shingo kutoka ubao mmoja, mishipa ya mti inakatika pale kwenye kona, na siku gitaa likianguka, kichwa kinakwenda zake. Kwa hivyo tunakata ubao mshazari, tunageuza kipande, tunakigundisha, na mishipa inafuata pande zote mbili. Lakini sehemu iliyokatwa mshazari inakunywa gundi kama mtu aliyetoka jangwani. Basi unaipaka kwanza gundi nyepesi, unaiacha inywe ishibe, ndipo unapaka ile ya kweli. Na nyuzi zikishakazwa, zinavuta pale mchana na usiku, hata wewe ukiwa umelala. Ndiyo maana gundi peke yake haitoshi. Tunatoboa kwa keekee, tunapigilia vijiti viwili vya mti mgumu viingie vipande vyote viwili bila kutokea nje, vishike siku ambayo gundi itachoka.

Na jambo moja zaidi, ambalo Fundi aliniimbia kama wimbo. Kabla ya kugundisha kazi, gundisha vipande viwili vya jaribio vya mti uleule. Vikikauka, vivunje. Mti ukichanika na gundi ikabaki, endelea. Vikiachana pale kwenye gundi, safi, kama mikate miwili iliyowekwa pamoja, acha. Usibishane na jaribio.

Mimi nilibishana nalo.

Fundi Mwaruwa alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Nzai. Nilimkuta karakanani miezi michache kabla hajaondoka. Alikuwa kibarua bandarini Kilindini, na kila jioni alipiga meza kwa vidole akitunga nyimbo, maana gitaa lake mwenyewe hakuwa nalo. La kujifunzia alikuwa akiazima kwa binamu yake, Kombe. Meza ile iliwachosha watu. Siku moja alikuja na ubao wa msaji uliotolewa kwenye sitaha ya meli iliyokuwa ikikarabatiwa, mweusi kwa mafuta na chumvi, na tundu la parafujo mwishoni.

"Baba, huu ni wa shingo."

"Huo ni wa kuwashia moto," Fundi akamjibu, "na hata moto utaukataa."

Nzai akacheka, akauegemeza ukutani. Kisha akaunda tumbo la gitaa kwa mbao za sanduku la chai, kazi safi kabisa, akaandika ndani kwa penseli: Nzai, fundi. Kabla hajafika kwenye shingo, jeshi likamchukua. Tumbo likabaki limetundikwa kwenye msumari, limefunikwa gunia, na ubao wa msaji chini yake. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Fundi akawa anasema meli ni nyingi, njia ni ndefu.

Mwaka wa pili baada ya vita, katikati ya masika, karani wa serikali alileta barua. Ilisema Nzai alipotea msituni Bama, ng'ambo ya bahari, hakuonekana tena, na ahesabiwe kuwa amekufa. Fundi alikuwa akipigilia kifuniko cha jeneza la mtu wa Magongo. Alisomewa barua, akaikunja, akaitia mfukoni, akamaliza misumari iliyobaki. Kisha akaweka nyundo chini, akaenda nyumbani. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa hatua mia moja tu. Siku nyingi zikapita bila yeye kuvuka hatua zile.

Watu walikusanyika, matanga yakawekwa. Lakini yalikuwa matanga yasiyo na mahali pa kushika. Wanawake walilia wakitazama mlangoni, kama wanaosubiri kitu kiletwe. Mama Nzai alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, mlimaji. Siku ya tatu aliwaambia wazee wa kanisa:

"Sina maiti. Sina hata kiatu chake. Nipeni sauti."

Alichotaka ni hiki: gitaa la Nzai limalizwe, liwekwe juu ya meza pale ambapo jeneza lingewekwa, na Kombe alipige, apige ule wimbo ambao Nzai alikuwa akiupiga mezani. Ibada ikapangwa Jumapili ya pili. Fundi akaniita nyumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mikono mirefu imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine.

"Mimi siwezi kuligusa, Charo. Fanya wewe."

"Nitafanya, Fundi."

"Shingo tumia mvule. Ule ulio juu ya dari, una miaka minne ya kukauka. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilipotoka, Mama Nzai alikuwa nje anachambua mchele, akanishika mkono. "Charo, mwanangu. Ubao wake bado upo?"

"Upo, mama."

"Aliuchagua yeye mwenyewe. Utautumia?"

Nyinyi mngesema nini? Mimi nilisema ndiyo. Nilikuwa na moyo laini, na mwenye moyo laini hudhani kila anachoombwa na mwenye kulia kinawezekana.

Msaji ni mti mzuri, wanangu, lakini una mafuta ndani yake, na gundi haipendi mafuta. Kuna njia za kuupangusa kwa spiriti kabla ya kuugundisha, nilizijua baadaye. Wakati ule niliuosha kwa sabuni na maji, ndani ya masika, nikauongezea unyevu juu ya mafuta. Nikakata vipande vya jaribio. Siku ya pili nikavivunja, vikaachana bila hata sauti. Nyuso zao zilikuwa safi, ungeweza kula chakula juu yake. Nikajaribu tena. Vikaachana tena.

Hatua mia moja. Ningekwenda nikamwambia Fundi, mama alitaka ubao wa Nzai, umekataa gundi, nitatumia mvule kama ulivyosema, na wewe umweleze. Ningemaliza kusema kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Lakini nilijiambia: mtu ana msiba, utamletea maneno ya gundi? Na mama nilimuahidi. Basi nikaamua kuwa vijiti vitafanya kazi ambayo gundi imekataa.

Nikachonga vijiti viwili vya msaji uleule. Nikavifanya vinene, vya kubana, ili vishike vizuri. Nikajaza gundi kwenye matundu mpaka juu, nikapigilia. Sasa fikirini: tundu halina mlango wa pili, kijiti kinaingia kama kizibo, gundi iende wapi? Kila kijiti kilitaka mfereji mwembamba ubavuni, wa kuitoa. Nilikuwa nikijua jambo hilo. Siku ile haraka ilinisahaulisha. Kwenye pigo la mwisho la kijiti cha pili nilisikia *tik*. Sauti ndogo, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili.

Nikageuza shingo. Nyuma, kando ya kijiti, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole gumba.

Siku zilizobaki zilikuwa tatu. Nikachanganya unga wa msumeno na gundi, nikaujaza ufa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara tatu. Ukitazama huoni kitu. Ukipitisha ukucha huhisi kitu. Nikajiambia: ni wimbo mmoja tu, labda nyimbo mbili, kisha litatundikwa ukutani.

Jumapili ile ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka kali. Kanisa letu lilikuwa la bati, na bati likianza kukauka juani linalia juu ya vichwa vya watu. Gitaa lililala mezani juu ya kitambaa cheupe. Mimi nilikaa nyuma. Nilikuwa bado na kiburi kidogo, nisiwafiche. Watu walikuwa wakisema, "Ona kazi ya Charo."

Kombe alikaza nyuzi, akaanza. Ulikuwa wimbo ule wa mezani, ule uliotuchosha jioni zote, lakini sasa ulikuwa na sauti. Mama Nzai alifumba macho. Midomo yake ilitikisika, na wanawake waliokaa karibu naye walisema baadaye kuwa alikuwa akisema, "Karibu. Karibu, baba. Karibu."

Kombe alirudia mara ya pili. Hapo kiungo kikaachia. Mlio wake ulikuwa kama ubao wa daraja unapokanyagwa na gari. Kichwa cha gitaa kiliruka mbele, kikaning'inia kwenye kijiti kimoja na nyuzi, nyuzi zikalegea zikapiga kelele moja mbaya, kisha kimya. Bati tu ndilo lililoendelea kulia.

Mama Nzai aliinuka. Hakupiga mayowe. Alikwenda akakishika kile kichwa kwa kiganja, kama unavyoshika kichwa cha mtoto mchanga asiyeweza kukiinua, akavua leso ya kichwani, akafunga shingo na kichwa pamoja, akalipakata gitaa, akatoka nalo nje kwenye jua.

Na mlangoni, wanawake wawili wazee waliotoka bara ya Rabai walikuwa wamekwisha kulisema neno: "Koma yake imekataa."

Nyinyi labda mtacheka. Sote tulikuwa tumebatizwa. Lakini hakuna aliyekuwa hajui kuwa aliyekufa bila kuzikwa ana neno lake, na kwamba koma, roho yake, hulisema kwa njia inayoitaka. Kabla ya jioni Chaani yote ilikuwa ikisema kwamba Nzai amekataa gitaa, amekataa ibada, ana hasira na wa nyumbani kwake. Nami nilisikia, nikanyamaza. Nitawaambia ukweli: mara ya kwanza niliposikia, nilipata nafuu. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe, na mwenyewe hayupo.

Siku ya nne baada ya hapo nilipeleka kuni nyumbani kwa Fundi. Mama Nzai alikuwa amekaa chini, gitaa miguuni, limefungwa leso vilevile. Hakuwa amekula, binti za ndugu zake waliniambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaniashiria nikae. "Charo, wewe unakumbuka alivyokuwa akipiga meza?"

"Nakumbuka, mama."

"Siku ile jeshi linachukua watu, nilikuwa nimetoka shamba, kichwa kinaniuma, naye anapiga, anapiga. Nikamwambia, nenda basi, nenda ukapige kelele zako huko mbali. Akaenda." Akaligusa gitaa kwa ncha za vidole. "Leo amenijibu."

Nikaondoka. Hata kwaheri sikusema. Siku tano nyingine nilipiga randa mbao ambazo hazikuwa na kazi, mpaka zikawa nyembamba za kuona jua.

Siku ya tisa Fundi Mwaruwa alirudi karakanani. Alikuja na gitaa, akaliweka juu ya meza ya kazi, akafungua leso, akakata nyuzi. Akaitia patasi kwenye kiungo. Hakuhitaji nyundo, kilifunguka kwa mkono. Akatazama nyuso mbili, safi, zinang'aa mafuta. Akatazama ule ufa, akaukwaruza kwa ukucha, unga wa msumeno ukamwagika kiganjani mwake.

"Msaji," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Ulijaribu?"

"Nilijaribu. Mara mbili."

"Vikaachana?"

"Vikaachana."

"Na huu uliuona kabla ya vanishi?"

"Kabla."

Nilisubiri kofi. Ningelipokea kwa furaha. Yeye alipuliza ule unga kutoka kiganjani, akavuta randa yake karibu.

"Mimi nina jeneza la mtu hapa. Wewe una neno la kumwambia mama yako. Nenda."

"Fundi, tafadhali, wewe ukimwambia—"

"Mdomo uliomuahidi ni wa nani?"

Zile hatua mia moja, wanangu, nimezipita mara nyingi maishani, lakini hazikuwahi kuwa ndefu vile. Nilichukua vipande vyangu vya jaribio vya msaji, ambavyo siku zile za kupiga randa nilivigundisha upya vikakauka. Na vingine viwili vya mvule, vilivyogundishwa vilevile. Nilipiga magoti mbele yake nikaviweka chini.

"Mama, si Nzai. Ni mimi."

Nilimweleza yote, gundi, mafuta, kijiti, ule mlio, unga wa msumeno. Sikujua kama ananisikia. Nilipomaliza alinyoosha mkono akachukua kipande cha mvule, akajaribu kukivunja kwa mikono miwili ya mlimaji. Hakikuvunjika. Akakiegemeza gotini, akasukuma mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Mti wenyewe ukachanika pembeni, gundi ikabaki imeshika. Akakiweka chini, akachukua kile cha msaji. Kiliachana kabla hajakaza mikono. Alivitazama vile vipande viwili muda mrefu, kimoja katika kila kiganja.

"Umekaa na neno hili siku ngapi?"

"Tisa, mama."

"Siku tisa," akasema polepole, "namwomba msamaha mtoto ambaye hakunikasirikia."

Nilikiokota kile kipande cha mvule, nikainuka.

Hakunifukuza. Alichota maji, akanawa uso, akaomba aletewe uji. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Charo."

"Labeka, mama."

"Litengenezeni. Litengenezeni vizuri. Lakini msilitie nyuzi. Sitaki kumsikia akivunjika mara ya pili."

Tulilitengeneza mimi na Fundi. Tulichukua mvule wa darini. Tukakata mshazari mrefu, mara nne ya unene wa shingo, kwa sababu kiungo kirefu kina mahali pengi pa kushika. Tukauanika ubao juani nusu saa upate joto, gundi isipoe kabla haijaingia. Tukapaka gundi nyepesi, tukasubiri ishibe, tukapaka ya pili. Tukafunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, tukizungusha na kuvuta, si kwa nguvu ya kukamua gundi yote ikatoka. Kiungo kikavu nacho huachia. Tukaacha siku tatu, maana ilikuwa masika. Kisha vijiti: viwili, vya mbambakofi mkavu, mti mgumu kuliko mvule, na kila kimoja Fundi alikikatia mfereji ubavuni kwa ncha ya kisu. Nilipopigilia, gundi ilipanda ikatoka juu kama jasho, na hakuna kilicholia *tik*. Vanishi tulipaka moja tu, nyepesi. Ncha za vijiti zilionekana, mbili, nyekundu, kama macho. Nilitaka kuzipaka rangi zifanane na mvule.

"Ziache," Fundi akasema. "Anayetaka kujua lilivunjika wapi, ajue."

Hicho ndicho kiungo bora nilichopata kukifanya. Najua hivyo kwa mkono, lakini kwa masikio sijui, kwa sababu hakuna aliyewahi kukivutia uzi. Lilitundikwa ukutani kwa Mama Nzai bila nyuzi, na yeye alilipangusa vumbi kila Jumamosi. Wazee walioleta neno la koma waliambiwa ukweli. Mmoja aliamini, mwingine hakuamini. Mimi niliacha kuandika jina langu ndani ya magitaa.

Fundi alitangulia. Jeneza lake nililipiga misumari, kama alivyopenda. Mama Nzai aliishi miaka mingi baada yake, na alipokuwa karibu kumfuata aliniita akaniambia nipime jeneza lake, na nilifanye pana kuliko kipimo cha mwili wake. Nikajua kwa nini, sikuuliza. Siku ya mazishi wachukuzi walinung'unika kaburini, shimo limechimbwa kwa kipimo cha kawaida, ikabidi walipanue pembeni kwa jembe. "Charo, mbona pana hivi? Umezeeka, hujui tena kupima?" Nikawaambia, ndiyo, nimezeeka, chimbeni.

Mle ndani, ubavuni pake, chini ya kanga, palikuwa na gitaa lenye jina la penseli ndani yake. Mtu ambaye hakupata kuzikwa, alizikwa siku ile pamoja na mama yake.

Gundi ya ngozi haivumilii maji, hulowa ikarudi uji, nami naijua ardhi ya Chaani ilivyo wakati wa masika. Masika mengi yamepita juu yake. Gundi itakuwa imekwisha kuyeyuka zamani. Vile vijiti viwili vya mbambakofi, nadhani, bado vimeshika.